Mtu Ambaye Kazi Yake Ilikuwa Kupigwa

Mount Druitt, Sydney
Jumapili, baada ya ibada

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kigoda chako cha jikoni, goti limeacha kukusumbua, na mvua zimeanza kunyesha huko Kasulu. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na nimenenepa hata gauni la sendofu halifungi tena mgongoni. Obedi anasema nimependeza zaidi, lakini huyo hata nikivaa gunia atasema nimependeza.

Moyo wangu ndio haujatulia, na sababu unaijua. Tangu Kaka Yustas akuonyeshe ile video kwenye simu nimekupigia mara nne, na kila mara simu anapewa Yustas, naye anaongea na mimi kama hakimu. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Barua anakuletea Mama Rehema wa kanisani kwetu, anayekuja huko kumwona dada yake. Naomba mdogo wangu Jeni akusomee polepole, Yustas akiwa ametoka.

Najua ulichokiona. Umemwona mume wangu amemkamata mtu ukosi wa shati, anampiga ngumi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Damu inamtoka yule mtu mdomoni mpaka kifuani. Anaangukia meza, meza inavunjika chini yake, watu wanapiga kelele, video inaishia hapo. Ukasema mkono unaompiga mwanamume namna ile kesho utanipiga mimi, kwa hiyo nirudi nyumbani, na salamu za Obedi huzipokei tena. Mama, siku ile uliyonipigia wewe kusema maneno hayo, simu yangu ilikuwa imewekwa kwenye spika. Obedi aliyasikia yote. Alikwenda akaanza kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, pamoja na lile litakalokuuma. Usimwambie Jeni aruke mistari.

Unakumbuka nilivyompata Obedi. Kule karibu na kambi ya wakimbizi kulikuwa na kibanda umiza cha kuonyeshea video, na yeye ndiye aliyekuwa akizitafsiri filamu za Wachina na Wahindi. Anakaa kwenye ndoo na maiki yake, anasema sauti zote, ya mwanamke, ya jambazi, ya mbwa, na ngumi anazipiga kwa mdomo. Mimi nilikuwa natoka shule nimebeba madaftari, nasimama nje ya turubai nimsikilize. Sikuwa nimeiona sura yake bado, na nilikuwa nimeshampenda. Ndiyo maana alipopelekwa Australia nilimngoja miaka yote ile, na aliporudi kunioa hukusema hapana. Mpaka leo asubuhi tukinywa chai ananitangazia birika: "Sasa bi harusi anainua kikombe, hajui kwamba chai ina moto." Ninacheka mpaka naimwaga. Sijui kama kuna mwanamke mwingine Mount Druitt nzima anayecheka saa kumi na moja alfajiri kabla ya kukimbilia treni.

Basi, kazi yangu kama unavyojua ni kutunza wazee. Toongabbie namtunza bibi mmoja wa Kizungu anayeitwa Edna. Ana miaka tisini na moja, miguu haina nguvu, ila ulimi unazo. Siku moja Obedi alikuja kunichukua, Bibi Edna akamuuliza alifanya kazi gani kwao, akamwambia habari za kibanda. Yule bibi akatuamuru tukae, akatoa flashi kwenye kopo la biskuti. Ndani yake kuna filamu ya zamani mno, ya kabla picha hazijajua kusema, ambayo wahifadhi wa picha walimnakilia.

Mama, haikuwa na hadithi. Ilitengenezwa na studio moja iliyokuwa hapa hapa mjini, leo pamejengwa magorofa. Walitaka kuwaonyesha watu jinsi filamu zinavyotengenezwa, ili wavutiwe na kuja kuzitazama. Unaona geti asubuhi, wafanyakazi wanaingia wamevaa kofia, wengine wanasukumana na kuichekea kamera. Unaona chumba cha wanawake wanaoshona mavazi, safu kwa safu, mguu kwenye cherehani. Mafundi seremala wanajenga nyumba nzuri, halafu kamera inazunguka na nyuma ya nyumba hakuna kitu, ni mbao za kuegemeza tu. Unaona mfalme anakula supu pamoja na mwizi, na askari anamwazima muuaji kiberiti. Msimamizi anapiga kelele kwenye kitu kama faneli kubwa ya mafuta ya taa, lakini sauti yake hatuisikii.

Kisha akaja babu yake Edna. Kazi ya babu huyo pale studio ilikuwa kupigwa. Yule mcheza filamu mwenye sura nzuri akitakiwa kutupwa ghorofani, anatupwa babu. Akitakiwa kuburutwa na farasi, anaburutwa babu. Kwenye filamu wanaonyesha hata namna ngumi inavyodanganya: mpigaji anarusha mkono, mkono unapita upana wa kiganja mbele ya shavu, na babu anakitupa kichwa chake mwenyewe. Kila anapoanguka anasimama, anapangusa kofia, anatabasamu. Safari ya mwisho anatabasamu na meno mawili hayapo, maana kijana mmoja mgeni alikosea kipimo na ngumi ikafika. Studio hawakuikata sehemu hiyo. Bibi Edna alisema babu alikataza isikatwe.

Usiku ule furaha ilimnyima Obedi usingizi. Alimwomba bibi ruhusa aionyeshe kwenye mkutano wa jumuiya yetu ya Wakongo na Warundi, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi tunaokodi hapa Mount Druitt, naye aitafsiri kama zamani. Nilimpigia pasi shati jeupe. Nilijiona mke wa mtu mkubwa.

Sasa sikiliza vizuri. Wewe hukuwahi kuingia kibandani, kwa hiyo hujui desturi. Mtafsiri wa kibandani huwapa watu wa kwenye filamu majina ya watu waliokaa mbele yake. Jambazi anaitwa jina la muuza karanga, kipofu anaitwa jina la mwalimu, na aliyetajwa ndiye anayecheka kuliko wote. Obedi alianza hivyo hivyo. Msimamizi mwenye faneli akamwita Mzee Asukulu, mwenyekiti wetu, na ukumbi ukavunjika mbavu, Mzee Asukulu mwenyewe akipangusa machozi. Yule mwanamke mnene wa chumba cha nguo akamwita Mama Rehema, huyu huyu anayekuletea barua.

Filamu ikafika mahali studio inapoonyesha jinsi ya kutengeneza vita. Wamejenga kijiji cha makuti uwanjani, wanakitia moto. Wanaume wenye bunduki wanaingia, wanavunja milango, wanawaburuta wanawake kwa nywele, wanawapiga wazee vitako vya bunduki. Wanaanguka watu wengi, mmoja juu ya mwingine. Mimi nilikuwa nimeiona Toongabbie na nilijua kwamba baada ya dakika mbili maiti wote watainuka wagawiwe mikate. Watu ukumbini hawakujua. Kicheko kilipungua. Obedi akaona ukumbi unampotea, akafanya kile anachofanya mtafsiri ukumbi unapompotea, akatafuta jina la kuchekesha. Kulikuwa na mtu mmoja anayependa mzaha kuliko wote, dereva wa foko, ile mashine ya kuinulia mizigo ghalani, anayeitwa Bahati. Yule mwenye bunduki anayemburuta mwanamke, Obedi akamwita Bahati.

Hakuna aliyecheka.

Obedi alikuwa hajui, mama. Wengine walijua. Bahati alipokuwa na miaka kumi na mitano, wenye bunduki walimchukua kwao Fizi, kule Kongo, wakambebesha mizigo yao miezi saba. Alitoroka. Lakini kuna watu wanaosema hakubeba mizigo tu, na maneno hayo yamemfuata kambini, yamepanda naye ndege mpaka Sydney.

Bahati alitoka nyuma akipita katikati ya viti. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Uniite tena. Uniite tena ile jina." Kabla Obedi hajafungua mdomo, Bahati alishika kiti cha chuma kinachokunjwa akampiga nacho usoni. Nyusi ya mume wangu ikafunguka kama ganda la haragwe. Akapigwa tena begani, akaanguka, Bahati akamkalia kifuani akaanza kumpiga ngumi. Na maiki, mama, ilikuwa bado mkononi mwa Obedi. Kila ngumi ilitoka kwenye spika. Na pumzi zake, na damu aliyokuwa anaimeza. Ukutani filamu ilikuwa inaendelea, babu yake Edna anapigwa kimya kimya, na hapa chini sauti ndiyo hiyo. Waliokaa nyuma hawakuona vizuri. Walidhani ni Obedi anapiga ngumi kwa mdomo kama kawaida yake. Walianza kucheka na kupiga makofi. Mume wangu alikuwa anauawa, huku watu wanamshangilia.

Sasa ndilo hili litakalokuuma.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya chakula, nasonga ugali kwa ule mwiko wa mninga ulionipa siku ya kuniaga, ukasema nikautumie kuijenga nyumba yangu. Nilikimbia nao. Nilimpiga Bahati mgongoni. Aligeuka, nikampiga mdomoni, nikasikia kitu kinavunjika na haukuwa mwiko. Akashuka kwenye magoti, akaweka viganja mdomoni, meno yake mawili yakadondoka kwenye sakafu. Alikuwa amekwisha, mama. Hakuwa anapigana tena. Nami nikampiga mara ya tatu, kichwani, naye amepiga magoti. Nikainua mara ya nne. Obedi, jicho moja limefunga, aliinuka sijui kwa nguvu gani akajiweka katikati, na ile ya nne ikampata yeye kwenye bega lile lile lililopigwa na kiti. Akanikumbatia na mwiko wangu pamoja. "Basi, Salome," akasema. "Basi, mpenzi. Amekwisha." Na hayo nayo yalitoka kwenye spika.

Siku hiyo Obedi hakumpiga mtu hata kofi. Aliyepiga ni mwanao. Mara mbili za kwanza nitazijibu mbele ya Mungu bila kuona haya. Ya tatu inanirudia nikiwa kwenye treni, nikiwa namwosha Bibi Edna miguu, na nikifumba macho kanisani.

Bahati alipelekwa hospitali akashonwa mdomo na kichwa. Muuguzi alimuuliza nani amekufanyia hivi. Kama angesema jina langu wangekuja polisi, na mimi niliyeingia nchi hii juzi kwa karatasi za ndoa sijui leo ningekuwa wapi. Mzee Asukulu alikuwa amesimama hapo na ndiye aliyetuambia. Bahati alisema, "Nilianguka."

Siku ya nne tulikwenda kwake Rooty Hill na kuku wawili. Mke wake alitufungulia bila kutusalimia. Obedi, mwenye nyuzi sita kwenye nyusi, aliomba msamaha kwa jina alilolitaja. Mimi nilipiga magoti, nikaweka mwiko mbele ya Bahati, nikamwambia kama anataka anipige. Mdomo wake ulikuwa umevimba, alisema kidogo kidogo. Alisema hataki kuku wala magoti. Alisema amekuwa akisikia minong'ono miaka kumi na minane, na siku ile ukumbi mzima ulimwona kwenye magoti akitema damu, na waliokuwa wakinong'ona sasa wanasema amepata haki yake.

Siku ile filamu haikuzimwa, naye aliiona akiwa sakafuni. Akamwambia Obedi, "Ile muzee wa kwenye filamu. Mwenye wanamupigaka kila siku. Nataka kuwa ile. Nipige mbele yao wote."

Obedi akasema hawezi kumpiga.

"Unipige ya uongo, kama wao," Bahati akasema. "Wamekwisha kuniona nikianguka. Sasa wanione nikisimama."

Ndivyo ilivyoanza, mama. Majuma matatu tulikuwa tunakutana Toongabbie, uani kwa Bibi Edna, yeye kwenye kiti chake na blanketi miguuni, akiwafundisha wanaume wawili wazima kupigana alivyofundishwa na babu yake. Alikuwa mkali. Alimwambia Obedi anarusha ngumi kama mtu anayefukuza nzi. Alimwambia Bahati kwamba fundi ni anayepigwa, mpigaji ni pambo tu. Na kwa kuwa ngumi ya uongo haina sauti, akasema lazima mtu asimame pembeni apige makofi mkono unapopita. Wote wakanitazama mimi. Siku ya kwanza Obedi alijificha nyuma ya banda la bustani akatapika. Huyo ndiye mtu unayeogopa atanipiga.

Damu uliyoiona ni maji ya kiazi chekundu cha kopo. Watu wa huku hukitia kwenye mkate na nyama, na Bibi Edna ana kabati limejaa. Bahati aliyaficha mdomoni kwenye kifuko cha nailoni, pale palipokuwa na meno. Meza, Obedi aliikata miguu kwa msumeno karibu iishe.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa kuliko siku ya kwanza. Nadhani wengi walikuja kuona kama damu itamwagika tena. Bibi Edna tulimleta kwa teksi, akaketishwa mbele. Filamu ikaenda, na Obedi hakumpa mtu jina lolote. Vita ilipofika alisema tu, "Hawa ni wafanyakazi. Ngojeni." Maiti wakainuka, wakagawiwa mikate, na nikamsikia mama mmoja wa Kirundi anashusha pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo. Kisha babu akaja ukutani, na Bahati naye akaja mbele amevaa kofia kama ya babu. Obedi akamkamata ukosi. Ngumi ya kwanza, nikapiga makofi. Ya pili. Ya tatu, damu ikamwagika, akaangukia meza, meza ikavunjika, ukumbi ukapiga kelele.

Hapo ndipo video yako inapoishia. Aliyeichukua alikuwa anataka damu, akaipata, akazima. Ikaenda simu kwa simu, mpaka Kasulu, mpaka jikoni kwako.

Lakini mama, Bahati alilala pale muda mrefu kuliko tulivyofanya mazoezi. Mke wake alisimama. Nilidhani tumeua mtu kweli, nikahisi uzito wa mwiko mkononi ingawa sikuwa nao. Kisha akaweka kiganja sakafuni. Akaja kwenye magoti, kama siku ile, akatulia hapo makusudi ili wote wamwone vizuri. Akasimama. Akaokota kofia, akaipangusa, akaivaa, akatabasamu, na meno mawili hayapo. Ukutani babu naye anatabasamu. Obedi akainua maiki. Akasema, "Huyu ni Bahati wa Fizi, baba wa watoto watatu. Alibeba mizigo. Amesimama." Mzee Asukulu ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wapo waliobaki na mikono mifukoni, sitakudanganya. Lakini mke wa Bahati alipiga vigelegele mpaka Bibi Edna akazima kifaa chake cha masikio.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Mama Rehema aliichukua video yote, kuanzia mwanzo. Jeni aiweke kwenye ile kompyuta ya shuleni. Kwenye ngumi ya kwanza tazama kona ya kushoto, utaona kitenge cha kijani na mikono miwili inakutana. Ni mimi. Kisha tazama ngumi ya Obedi, na upana ulioachwa kati yake na shavu la mwenzake. Mama, katika upana ule ndimo ninamoishi. Sijawahi kuwa salama hivi.

Mwiko nimeuosha kwa maji ya moto na nimeutundika ukutani. Ugali nasongea mwingine kwa sasa. Ukisema niutumie tena nitautumia. Ukisema nikurudishie nitakurudishia, na nitaelewa.

Nisalimie bibi, mwambie blanketi lake liko njiani. Nisalimie baba mdogo na mke wake waliotupikia siku ya harusi. Nisalimie Jeni msomaji wangu, asiache shule. Hata Yustas nisalimie, mwambie sina kinyongo, alifanya kazi ya kaka. Mke wa Bahati naye anakusalimu, ingawa hakujui. Alisema mama aliyechonga mkono kama wangu lazima asalimiwe.

Obedi yuko dirishani, anajifanya anatazama treni. Hajaniomba niandike chochote kuhusu yeye. Ukiitazama video, usizime pale Bahati anapoanguka. Ngoja. Akishasimama, nipigie mwenyewe, kwa sauti yako, na mimi nitampa Obedi simu.

Mwanao mwenye mkono mzito,
Salome